Figo, fosforasi na homoni: mbaazi hazina kosa kubwa

Mgonjwa wa figo akiambiwa madini ya fosforasi yamepanda damuni, kitu cha kwanza kuondoshwa mezani ni mbaazi za nazi. Soda nyeusi hubaki kwenye friji. Hapo mambo yamepinduka.

Fosforasi ya mbaazi, kunde na maharagwe imeshikwa ndani ya faiteti, kemikali ya asili ya mbegu, na utumbo wetu hauwezi kuifungua vizuri. Kinachonyonywa ni kama 20 hadi 50% tu. Ya nyama, samaki na maziwa ni 40 hadi 60%. Ile ya kutiwa kiwandani, kwenye soseji, smoki, jibini la kupaka na soda hiyo nyeusi, huingia damuni 90% au zaidi.

Figo zikilemewa na fosforasi, mifupa hutoa homoni iitwayo FGF23, inayozisukuma figo ziitoe zaidi kwenye mkojo. Ubaya ni kwamba homoni hiyohiyo huzizuia figo kutengeneza vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Vitamini ikipungua, kalisi (kalsiamu) inayonyonywa hupungua pia. Tezi za parathiroidi, nne ndogo za shingoni, hushtuka na kutoa homoni yao, PTH, nayo huchota kalisi mifupani. Haya huanza mapema, wakati kipimo cha fosforasi bado kinasoma sawa, maana homoni ndizo zinazoizuia isipande. Baadaye huja kuwashwa mwili, mifupa kuuma na mishipa ya damu kuwa migumu kwa chokaa.

Usidhani mashine ya kusafisha damu itamaliza kazi. Anayekula miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku na kunyonya 60% huingiza 4,200 kwa wiki. Kikao cha saa nne hutoa takriban 800 hadi 1,000. Akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, zaidi ya nusu inabaki.

Kwa hiyo soma pakiti. Tafuta herufi "phos", au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452. Mahamri ya hamira ni afadhali kuliko mandazi au keki ya beking pauda, kwa kuwa beking pauda nyingi zina fosfeti. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na fosforasi iko humo. Chukua kipande cha samaki badala yake. Nyama ikate vipande vidogo, ichemshe kwa maji mengi, umwage maji. Ndiyo, supu inakwenda na maji. Inauma, lakini fosforasi iko humo.

Mbaazi ziloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, mwaga tena, kisha tia tui jepesi. Nusu kikombe kinatosha. Kama potasiamu yako iko juu, hesabu ni nyingine: muulize mtaalamu wa lishe kwanza, na madafu uyaache kabisa.

Usikate protini ovyo kwa kuogopa fosforasi. Anayesafishwa damu anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ute wa yai una protini nzuri na fosforasi kidogo sana.

Vidonge vya kalsiamu kaboneti vinavyotolewa kushika fosforasi vinamezwa pamoja na chakula. Ukivimeza saa mbili baadaye, fosforasi imeshapita, na unajiongezea kalisi bure. Vidonge vya madini ya chuma vimeze wakati mwingine, kwa kuwa kalsiamu huvizuia kunyonywa.