Kabla ya kumwita mzito, mpime kwanza: siku yangu kitengoni, Ilemela, Mwanza

Saa 11:30 alfajiri

Nyasaka bado giza. Mkoba wa kazi niliupanga tangu jana usiku: chati ya herufi E, futi ya fundi ujenzi, tochi ndogo, mfuko wa vizibo vya soda, na kaunta buku lenye ukurasa wa kila mtoto. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Nilisomea chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, na sasa nafundisha kwenye kitengo kilicho ndani ya shule ya msingi ya kawaida, upande wa Kirumba. Kuna watoto wenye ulemavu wa akili, viziwi, wachache wenye usonji. Wenye ualbino wanasoma na wenzao madarasa ya kawaida, ila mambo ya macho na ngozi wanakuja kwetu.

Saa 12:15 asubuhi

Kwenye daladala nakutana na mama wa mtoto wetu mmoja. Kijana ana miaka 11, miguu imeshakuwa mirefu, lakini kampakata ili asilipie siti ya pili. Tunasalimiana, naushika mkoba wa mtoto.

Niseme jambo hili mapema kwa sababu ndilo linalotupotezea watoto wengi kuliko lolote. Shule za msingi za serikali hazina ada. Lakini si kila shule ina kitengo, kwa hiyo mtoto wa Igombe au Buswelu hawezi kwenda shule iliyo nyuma ya nyumba yao kama nduguye. Ni lazima apande gari, na hawezi kupanda peke yake. Mama anampeleka, anarudi, mchana anamfuata, wanarudi wote. Mama akiwa muuza dagaa pale Mwaloni, mzigo unafika alfajiri hiyo hiyo anayotakiwa kuwa kituoni na mtoto. Achague nini? Mwezi wa kwanza anajitahidi. Wa pili mtoto anakuja siku tatu kwa wiki. Ukifika wa tatu, jina limebaki kwenye rejesta, mtoto yuko nyumbani. Halafu atatokea mtu aseme wazazi wa siku hizi hawajali. Mimi nawaona kituoni saa kumi na mbili, wanajali.

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya mstarini nawapaka mafuta ya kukinga jua watoto wenye ualbino: uso, masikio, nyuma ya shingo, mikono. Masikio na shingo husahaulika sana nyumbani. Mafuta tunayopata hutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC. Kofia pana, mikono mirefu, na mwalimu wa zamu anajua kwamba hawa husimama chini ya mwembe, hata kama mstari wote uko juani. Jua la Mwanza linalorudishwa na mawe na maji halina huruma, na kansa ya ngozi huanza na vidonda vidogo ambavyo mtu anavidharau.

Mmoja wao alihamia kwetu kutoka bweni. Huku Kanda ya Ziwa, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino ya miaka ile, wazazi wengi waliwapeleka watoto shule za bweni ili wawe salama. Shule ya Mitindo, kule Misungwi, imelea watoto wengi wasioona na wenye ualbino. Yule wetu mama yake aliamua amrudishe karibu yake. Kila jioni mjomba wake anamsubiri getini, na sisi hatumruhusu kutoka na mtu mwingine yeyote.

Saa 2:00 asubuhi

Darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Leo tunanawa mikono, na kazi hii naithamini sana. Nimeivunja hatua kwa hatua: fungua koki, lowanisha, chukua sabuni, sugua viganja, sugua katikati ya vidole, suuza, funga koki, kausha. Mtoto mmoja anafanya zote isipokuwa kufunga koki. Basi somo lake leo ni koki tu. Simfundishi anachokijua.

Baada ya hapo ni hesabu kwa vizibo. Wakubwa wawili wamehamia kwenye sarafu halisi, kwa sababu noti za kuchora hazikuwasaidia kitu. Mama wa genge la nje ya geti ametukubalia: mtoto ananunua nyanya kwa sarafu ya shilingi 200, na yeye anamsubiri ahesabu, hata wateja wakijaa. Huyo mama hayumo kwenye ikama ya walimu, lakini anafundisha.

Saa 4:00 asubuhi

Uji. Nahakikisha mwenye kifafa amemeza dawa na ameshiba. Wenzake wanajua la kufanya akianguka: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, mwite mwalimu. Watoto walilielewa hili upesi kuliko watu wazima.

Saa 4:30 asubuhi

Hii ndiyo saa ninayotaka kuieleza vizuri.

Mwalimu wa darasa la tatu ananiletea mvulana. Nitamwita Kulwa. "Mwalimu, huyu mchukue kitengoni. Mzito, halafu mtukutu. Ukimwambia fungua ukurasa, anachungulia kwa mwenzake. Ukimwita, anakutazama tu." Simlaumu mwenzangu. Darasa lake lina watoto zaidi ya mia, na kumwona mmoja mmoja ni kazi ngumu.

Kulwa anakaa. Siulizi hesabu wala kusoma. Naanza na macho. Nimepima mita sita kwa futi, nikaweka alama ya chaki sakafuni. Chati ya E haimtaki mtoto ajue herufi: anaonyesha kwa mkono tu miguu ya E imeelekea wapi, juu, chini, kushoto, kulia. Jicho moja linafunikwa kwa kiganja bila kulikandamiza, kisha la pili. Kulwa anateremka mistari yote bila shida. Macho yake mazima. Angeshindwa mistari ambayo mwenye macho mazima anaiona, ningemwandikia aende kwa daktari wa macho, kwa sababu mara nyingine tatizo lote huishia kwenye miwani.

Halafu masikio. Nasimama nyuma yake ili asisome midomo yangu, msaidizi anaziba sikio moja kwa kulisugua taratibu, mimi nanong'ona maneno anayoyajua: samaki, mtumbwi, embe. Sikio la kulia anarudia yote. La kushoto, kimya. Napandisha sauti hadi ya mazungumzo. Anarudia "embe" peke yake. Namulika kwa tochi: sikio la kushoto linatoa usaha, na harufu ipo. Namuuliza linauma tangu lini. Anasema haliumi, liko hivyo siku zote. Nyumbani hulitia mafuta ya kula.

Kwa hiyo mtoto anayeitwa mzito amekuwa akisikia nusu ya somo kwa miaka mitatu. Anachungulia daftari la mwenzake kwa sababu hapo ndipo neno "ukurasa" lilipo. Anamtazama mwalimu kwa sababu anajaribu kujua sauti imetoka wapi. Na pale anapokaa, mstari wa nyuma kulia, sikio lake zima limeelekea ukutani!

Namwandikia mama yake barua ya kwenda hospitali, Sekou Toure, kitengo cha masikio. Naandika kwa maneno mepesi: asitie mafuta, wala maji ya majani, wala pamba ya kuziba; asipige mbizi ziwani mpaka atibiwe. Kisha narudi darasa la tatu na mwenzangu tunamhamishia Kulwa kiti cha mbele upande wa kushoto, sikio la kulia limwelekee mwalimu na darasa. Namwomba jambo moja zaidi: asiseme huku amegeukia ubao. Mwenzangu anakaa kimya kidogo, kisha anauliza kama naweza kuja kuwapima wengine wa mstari wa nyuma. Tumepanga Alhamisi.

Kulwa haji kitengoni. Hana haja nacho. Angeingia kwetu leo kwa neno "mzito", angejifunza kunawa mikono na watoto ambao hawalingani naye, na sikio lingeendelea kuoza. Nimeona watoto waliokaa mahali pasipo pao kwa miaka kwa sababu mtu mmoja aliwapa jina kabla ya kuwapima. Ni dhuluma, hata ikifanywa kwa nia njema.

Saa 6:30 mchana

Ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Tunapitia orodha ya usajili wa darasa la saba. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu hupewa muda wa nyongeza: dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Mwenye uoni hafifu hupata karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, asiyeona hupata ya nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Lakini Baraza la Mitihani halimjui mtoto kwa sura. Shule isipoweka taarifa yake sawasawa wakati wa usajili, Septemba itafika karatasi ya kawaida na mtoto ataibandika puani akitafuta herufi. Tunakagua majina mawili mawili. Mmoja mwenye ualbino hakuwekewa alama, tunarekebisha hapo hapo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida na apatiwe msaada unaolingana na ulemavu wake. Huo msaada, kwenye shule, ni kazi za namna hii: jina, kalamu, orodha, kiti.

Saa 8:00 mchana

Ugali na dagaa, haraka. Kisha akina mama wa watoto viziwi wanakuja kujifunza lugha ya alama. Mwenzangu anayefundisha ni kiziwi mwenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mimi natafsiri kwa sauti pale wanapokwama.

Watoto hawa hufika kwetu wakiwa na alama za nyumbani peke yake. Msichana mmoja alikuja na alama zake chache, na ya baba yake ni mikono inayovuta kamba, maana baba ni mvuvi. Hana alama ya "jana". Hana ya "kwa nini". Miaka saba hajawahi kumuuliza mtu kwa nini. Leo mama yake amejifunza kuuliza na kujibu swali hilo. Baba amekuja pia, amekaa pembeni na kofia mkononi, lakini vidole vyake vinafuata.

Saa 9:45 alasiri

Mwenyekiti wa mtaa ananipeleka nyumba moja mlimani, juu ya mawe, ziwa lote linaonekana kwa chini. Kuna mtoto wa miaka tisa hajawahi kuandikishwa. Bibi yake anatupokea. Namsalimia Kisukuma, "Mwadila", anafurahi, anatoa vigoda.

Mtoto ana mtindio wa ubongo. Amelazwa kwenye mkeka, viungo vimekaza, mdomo unatoa mate. "Mwalimu, huyu hasemi. Atasoma nini?"

"Bibi, akitaka maji unajuaje?"

"Anaangalia mtungi."

"Na akitaka kutoka nje?"

"Anaangalia mlango, mpaka nimtoe."

Namwomba ruhusa, namkalisha mtoto kwa kumwegemeza kifuani kwangu ili kichwa kitulie. Naweka kikombe kulia na mpira kushoto. Kikombe kiko wapi? Macho yanakwenda kulia. Navibadilisha. Macho yanakwenda kushoto. Bibi anacheka, anasema hilo analijua siku zote, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanaanza. Kiti mwendo hakitapanda mawe haya, nisimdanganye. Tunaandikiana mambo ya karibu: fundi seremala wa mtaani atengeneze kiti cha kona cha mbao chenye meza ya mbele, ili mtoto ale na kucheza akiwa amekaa; kliniki ya mazoezi ya viungo hospitali ya Bugando, na kwa safari hiyo mwenyekiti anaahidi kuzungumza na dereva wa bajaji; na picha nne za kuanzia, maji, chakula, nje, choo, ambazo nitazichora mwenyewe. Kila wiki nitapita. Suala la kuandikishwa nalipeleka kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri kesho asubuhi, kwa maandishi.

Saa 12:30 jioni

Nyumbani. Najaza kaunta buku kabla sijasahau. Ukurasa wa Kulwa: sikio la kushoto, barua imekwenda, kiti kimehamishwa, nimuulize mama yake Ijumaa. Ukurasa mpya wa mtoto wa mlimani: anachagua kwa macho, vitu viwili, hakukosea. Kwenye nafasi ya "aina ya ulemavu" fomu inataka neno moja. Naliandika, kisha chini yake naandika yale anayoyaweza, mistari mitano, hadi ukingoni.

Ukiwa Ilemela au Nyamagana na unamjua mtoto aliye ndani, au aliye shuleni lakini anaitwa mzito, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu umwombe apimwe, au muulizie afisa elimu maalumu pale halmashauri. Usingoje atimize umri wa darasa la kwanza. Nenda na mtu anayemlea kila siku, maana yeye ndiye atakayejibu maswali.