Siku moja wodini na wagonjwa wa kiharusi

Saa 1:30 asubuhi. Nimepokea zamu, naanza na mzee wa kitanda cha 4. "Shikamoo baba." Macho yanaitikia, midomo inahangaika, kinachotoka ni "ndiyo, ndiyo" tu. Mkono wa kulia haunyanyuki. Ubongo wa kushoto ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi maneno nayo hutoka hukohuko kushoto, kwa mbele. Daktari Mfaransa Paul Broca alilieleza eneo hilo mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyebaki na neno moja, "tan". Wana wa mzee wanamjadili mbele yake kama hayupo. Nimewavuta pembeni: baba yenu anawaelewa, mwongelesheni.

Saa 2:30. Uji umefika, lakini mgonjwa mpya hapewi kabla sijampima kumeza. Kijiko kimoja cha maji, naangalia koo, namwambia aseme "aaa". Akikohoa, au sauti ikiwa kama ina maji ndani, uji unasubiri. Ukipita njia ya hewa unaleta nimonia, nayo inaua.

Saa 4:10. Machela. Mama wa miaka 58, mdomo umeenda upande, mkono wa kushoto umelegea, maneno mazito. Sukari tunapima kwanza, maana ikishuka sana nayo humlegeza mtu upande mmoja. Iko sawa. Presha 214/126.

"Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?"

"Jana magharibi," binti yake anajibu. Walidhani ni jini, wakaita watu wa kumwombea. Vidonge vya presha aliviacha tangu mfungo kwa kuwa alijisikia vizuri. Simgombezi, anatetemeka. Ila nilitamani nimwone jana. Mshipa wa damu wa ubongo ukiziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Ukipasuka, dawa hiyohiyo inazidisha damu kuvuja, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha, hadi siti skani, yaani mashine inayopiga picha ya ndani ya ubongo. Ndiyo maana hata aspirini msimpe mtu nyumbani. Skani yake imeonyesha mshipa ulioziba.

Saa 7 mchana. Bibi wa kitanda cha 9 amekula wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto haujaguswa. Anasema amemaliza, mbona chakula kidogo. Macho yake mazima. Ubongo wake wa kulia, sehemu ya juu kuelekea kisogoni, ndio ulioumia, na kwake kushoto hakupo tena. Naizungusha sahani. "Kumbe kipo!" Anaendelea kula.

Saa 9:15. Kabla ya kukabidhi zamu namwita yule binti, namfunga mkanda wa mashine ya presha mkononi. Anasema haumwi chochote, ana miaka 34. 158/102, iko juu. Nampumzisha, napima tena: 154/100. Mara ya tatu, 156/100. Namwandikia kliniki ya Jumatatu, naandika na namba yangu nyuma ya kadi.