Kiti kilichorudishwa nyuma

Jumamosi binti yangu alikuwa akisafisha gari ndani, amepiga magoti, brashi mkononi. Akaniita. "Baba, hebu njoo uone hizi reli."

Kiti cha abiria cha mbele alikuwa amekisukuma mbele hadi mwisho ili afagie chini yake. Reli zilikuwa za rangi mbili. Upande wa mbele, grisi ya zamani imeganda na kushika vumbi hadi imekuwa kama udongo. Kule nyuma kabisa, mahali ambapo kiti kilikuwa kimekalia, kipande cha urefu wa kiganja bado kinang'aa kama kijiko.

"Hiki kiti kilikaa nyuma miaka yote," akasema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nakaa nyuma yake."

Nikamwambia baba yake mkubwa alihitaji nafasi ya mguu.

"Hilo nalijua, Baba. Nauliza kwa nini hukununua gari lenye nafasi."

Sikuwa na jibu la papo hapo, na hadi leo naandika haya bado sina la kumridhisha. Lakini siku yenyewe naikumbuka vizuri.

Yalikuwa mawili, yote Mercedes-Benz, yote ya mwaka 1994. Moja E 320, lile umbo ambalo watu wa magari hulitaja kwa namba tu, W124. La pili S 320, W140, kubwa kama chumba. Kilichonitesa ni kwamba moyo ulikuwa mmoja. Injini ile ile ya M104, silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, vali 24, lita 3.2. Kwenye dogo inatoa nguvu za farasi 220, kwenye kubwa 231. Tofauti hiyo ni ndogo ukikumbuka kwamba kubwa lina karibu kilo 400 zaidi za kuvutwa. Urefu, dogo ni mita 4.74, kubwa mita 5.11. Nilikuwa nimeziandika namba hizo kwenye kikaratasi nikazisoma usiku kucha, kana kwamba jibu lingechomoza katikati yake.

Kaka nilimchukua kwa sababu sijawahi kununua kitu kikubwa bila yeye kukiona. Mnaomfahamu mnajua mguu wake wa kulia haukunjiki. Magari mengine yote alikuwa akiyaingia kwa namna moja: anakaa kwanza kwa ubavu, miguu nje, anaushika mguu kwenye ugoko kwa mikono miwili, anaunyanyua na kuuingiza taratibu kama mtu anayepitisha ubao dirishani, kisha ndipo anageuza kiuno. Nimemwona akifanya hivyo tangu mimi ni kijana. Nilikuwa nimezoea kutazama pembeni hadi amalize.

Tulianza na kubwa. Mwenye gari akaliwasha, akaingiza gia ya kurudi nyuma, na kwenye pembe mbili za nyuma, juu ya mabega ya buti, vikachomoza vifimbo viwili vyembamba ili dereva ajue gari lake linaishia wapi. Kaka akacheka kwa furaha ya kitoto. "Limejua lenyewe kwamba ni refu," akasema.

Kisha akafungua mlango wa nyuma. Mimi nikafungua wa mbele nikatafuta swichi za kiti. Ziko mlangoni, na zimechongwa kwa umbo la kiti chenyewe, mto wake na mgongo wake. Ukiusukuma ule mto mdogo kwa kidole, kiti kizima kinakwenda mbele bila haraka. Nikakisukuma hadi kikakaribia dashibodi. Kaka akaketi. Aliketi tu, kama watu wengine wanavyoketi. Mguu ukaingia umenyooka, kisigino kikateleza juu ya zulia, kikaenda, kikaenda, kikasimama chenyewe bila kugusa kitu.

Nikazunguka nikaketi kando yake, nikavuta mlango.

Vioo vya milango ya W140 ni viwili viwili, vimepangwa kwa pamoja na hewa katikati. Nilikuwa nimelisoma hilo, lakini kusoma ni jambo jingine. Nje kulikuwa na mtu akigonga bati. Niliiona nyundo ikishuka, na mlio ulifika kwetu kama wa mtu anayepiga mto wa kulalia. Hakuna aliyesema neno. Nikasikia soksi ya kaka ikikwaruza zulia, kwa sababu alikuwa akiusogeza ule mguu kidogo kushoto, kidogo kulia, halafu kushoto tena. Hakuwa na haja ya kuusogeza. Alikuwa anausogeza kwa vile inawezekana.

Tulikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua kiti. Harufu ya ngozi ya zamani iliyopigwa jua. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, kiganja kimefunguka.

"Haya," akasema hatimaye. "Tukalione dogo."

Fundi alituwekea yote mawili juu, na hapo mambo yakaenda upesi. Magari ya miaka ile yalifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake humomonyoka kwa joto. Kwenye yote mawili zilikuwa zimeshabadilishwa. Gasketi ya hedi, ile inayoziba sehemu ya juu ya injini isivuje, kavu kote kote. Kwenye dogo alifungua zile paneli za plastiki za ubavuni, ambazo wapenzi wa magari haya huziita kwa jina la Bruno Sacco, aliyeongoza ubunifu wa yote mawili, akatazama sehemu za kuwekea jeki maana kutu hujificha pale. Hakuona kutu. Kwenye kubwa hakukuwa na kasoro ya kuonyesha kidole, ila alinipa hesabu ya mbele: kilo zile 400 zinakaa juu ya matairi, breki na bushi kila siku. Na kiyoyozi kikivuja siku moja, kipozeo chake kimezikwa nyuma ya dashibodi, na dashibodi nzima lazima ishuke kabla mtu hajakigusa. Mwenye dogo alikuwa na faili la risiti la unene wa ngumi. Mwenye kubwa alikuwa na maneno mazuri.

Naamini mpaka leo kwamba hesabu ya fundi ilikuwa sahihi. Nilikuwa na mtoto wa miaka 6 na kipato kimoja. Gari kuukuu la kifahari linauzwa kwa bei ya ukuukuu wake, ila vipuri vyake vinabaki na bei ya ufahari. Mtu ambaye hajalielewa hilo asinunue lolote kati ya hayo mawili.

Lakini kabla ya kuamua nilimwambia kaka aketi kwenye dogo. Mbele, kwa sababu nyuma isingewezekana. Nikarudisha kiti hadi kikagota. Akakaa kwa ubavu, akaushika mguu kwenye ugoko kwa mikono miwili. Mara hii sikutazama pembeni. Ncha ya kiatu ilikwama kidogo kwenye ukingo wa mlango, akaigeuza, ikapita. Akatulia. Akatazama ile waipa moja iliyolala chini ya kioo, akauliza kama ni kweli hurefuka ikielekea kwenye pembe. Nikamwambia ni kweli.

"Unatosha humo?" nikauliza.

"Linatosha, mdogo wangu."

Nililisikia lile neno na nikalichukua upesi, kama mtu anayepokea chenji bila kuihesabu kwa kuwa anataka kuondoka. Siku ile ile tukaandikiana.

Gari limetutumikia miaka 11. Injini haijafunguliwa. Kaka amesafiri nalo safari zote, misiba na harusi, kwenye kiti kile kile, na binti yangu nyuma yake, magoti yamebanwa kwenye mgongo wa kiti. Hakuna kati yao aliyewahi kulalamika, na labda ndiyo maana sikuwahi kuuliza tena.

Jana nilimpigia kaka simu. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile.

"Lile kubwa? Lilikuwa na vile vifimbo," akasema, na nikamsikia anatabasamu. "Vilikuwa vinapanda polepole."

Nikangoja aseme kuhusu kiti. Akaniuliza habari za mtoto.

Nilipotoka nje binti yangu alikuwa amemaliza kufuta zile reli, zote sasa zinang'aa rangi moja. Akaniuliza kiti akiache wapi.

"Kirudishe nyuma," nikamwambia. "Hadi kigote."