Mpira wa maji wa mjomba

Mjomba hakuwa na nivo, kile kipimo cha mafundi cha kuonyesha usawa. Alikuwa na mpira mweupe wa plastiki, ule unaoonyesha maji ndani, mrefu kama mita kumi hivi. Aliutembeza begani umeviringishwa, na kwa mpira huo alisimamisha nyumba nyingi za mbao hapa Goma mwaka ule wa volkano.

Waliokuwepo 2002 wanakumbuka. Tarehe 17 Januari Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Sisi wa mtaa wa Murara tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na tuliporudi hapakuwa na nyumba wala njia ya kufikia ilipokuwa nyumba. Jiwe jeusi tu, bado linachoma chini ya kandambili. Watu wakajenga juu ya jiwe hilohilo. Shimo la nguzo hulichimbi pale, kwa hiyo unapanga mawe, juu yake unasimamisha miguu ya nyumba, na kwa kuwa jiwe limeganda kama uji uliomwagika, kila mguu unakatwa kwa urefu wake. Ukikosea, nyumba inalala.

Nilikuwa na miaka 13. Likizo kubwa ilipofika, mama akanipeleka kwa mdogo wake nikawachotee mafundi maji. Nilichota, kweli. Lakini siku ya pili tu mjomba alinipa ncha moja ya mpira. Unaujaza polepole, unaziba kwa kidole gumba unapotembea, halafu nyote wawili mnaachia pamoja na kungoja maji yatulie. Huku na kule yanasimama usawa mmoja, hata kama kati yenu kuna kilima cha mawe. Adui ni hewa. Kipovu kidogo kama punje ya mtama kinatosha kukudanganya, nawe unapigapiga mpira kwa ukucha mpaka kinapanda juu na kutoka.

Siku ninayoisema, mjomba alishuka Birere kutafuta misumari. Akaniambia mbele ya wote: "Kama maji yanakataa, na wewe ukatae." Akaondoka, rahisi hivyo.

Kulikuwa na fundi mmoja mzee, mtu wa kupima kwa jicho. Alikwisha kufunga mbao za chini upande mzima. Nikamwomba anishikie ncha. Akacheka, akawauliza wenzake tangu lini mtoto wa kike anawafundisha wazee kazi. Lakini alishika. Maji yakaonyesha tofauti ya vidole viwili.

"Mpira una hewa," akasema.

Na ulikuwa nayo! Kipovu kilikuwa karibu na mkono wangu, nami sikukiona. Wakacheka mpaka wenye makaa wakasimamisha chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, watazame. Nilitaka kuutupa ule mpira nirudi kwetu. Sijui kwa nini sikuutupa. Pengine kwa sababu angeniuliza mjomba. Nikaupigapiga, kipovu kikatoka, nikamwomba mzee ashike tena. Safari hii ilikuwa kidole kimoja na nusu. Hakuna aliyecheka, ila hakuna aliyefungua mbao pia.

Mjomba aliporudi aliona tumesimama tu. Hakumwuliza mzee. Aliniuliza mimi: "Mama, maji yamesema nini?"

Nikasema kidole na nusu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akaniambia nirudie, na wa nyuma wasikie. Nikarudia. Basi mbao zikafunguliwa zote, na nani alinyoosha ile misumari iliyopinda, mmoja mmoja juu ya jiwe, mpaka jioni? Mimi. Nilijigonga kidole cha shahada mara mbili, na nilimchukia mjomba mchana wote.

Jioni alilipa. Mafundi walipanga mstari kwa desturi yao, wakubwa mbele, wachota maji mwisho. Nilikwenda mwisho. Akanivuta mkono bila kunitazama, akiendelea kuhesabu noti, akaniweka nyuma ya yule mzee, mbele ya vijana wawili wenye ndevu. Mzee akageuka, akanitazama, akasogea kidogo nipate nafasi.

Mama mpaka leo anaamini nilikuwa nachota maji. Mjomba naye sijawahi kumshukuru kwa ule mstari. Mpira wake ninao mimi, umekuwa wa njano na ncha moja imepasuka. Mwezi uliopita niliujaza nipime msingi wa jiko langu, fundi wangu akauliza kama sina nivo.

Nikampa ncha moja ashike.