Mabango ya matangazo mtandaoni yanatuingia kweli?

Wengi wanasema hawayaoni hata, na kweli macho yameshazoea kuyaruka, unasoma habari yako unashuka chini na lile boksi linalowakawaka pembeni ni kama halipo. Mwaka 1994 HotWired, jarida la mtandaoni la Marekani, walipoweka bango la kampuni ya simu ya AT&T, watu kama 44 kati ya 100 walilibonyeza, leo hata mmoja kwa mia kumpata ni shida. Ila mimi nakataa kupima kwa kubonyeza tu jamani. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alishaonyesha tangu 1968 kwamba kitu ukikiona mara kwa mara unaanza kukipenda bila kujijua, sasa siku unachagua kati ya viatu viwili usivyovijua, mkono si unaenda kwenye jina ulilolizoea?