Barua ya Daktari

Binti yangu alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye begi la makaratasi, akaja na karatasi nyingine mkononi. "Mama, mbona hapa wameandika bibi ni mahututi?" Bibi mwenyewe yuko uani anachambua mchele. Nikamwambia airudishe alikoitoa. Tangu siku hiyo barua ile haijanitoka kichwani.

Ilikuwa 2019. Mama alianguka bafuni, kiharusi, tukamkimbiza Muhimbili. Mdogo wangu akapata ndege ya haraka kutoka London. Mwaka huohuo alikuwa ameshakuja kumzika baba na kukaa mpaka arobaini, kisha akarudi tena kwa mambo ya mirathi. Majirani hapa Magomeni wakawa wanamsifu, mtoto anayejua wazazi. Mimi nilijua tu kwamba usiku hapati usingizi.

Usiku mmoja nikamkuta sebuleni kapiga magoti. Kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi kaitandaza sakafuni, pasipoti iko wazi, anafuata mihuri ya uwanja wa ndege kwa kalamu. Ndipo akanieleza. Alikuwa huko kwa viza ya kazi, na 2020 angetimiza miaka mitano inayomruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Lakini haitakiwi awe nje ya Uingereza zaidi ya siku 180 ndani ya miezi 12. Na hiyo miezi si ya Januari mpaka Desemba kama nilivyodhani. Wanaweza kuanza kuhesabu tarehe yoyote, na popote watakapoanzia, siku zisizidi hapo. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hawazihesabu, kwa hiyo alikuwa anazitoa moja moja, kama mtu anayeokota punje za mchele zilizomwagika.

Halafu akasema kuna jingine. Mwishoni mwa 2018 aliazima gari la rafiki yake, askari wakamsimamisha, kumbe bima haimhusu yeye. Kwa kawaida kosa hilo ni faini ya pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni, unalipa yanaisha. Ila barua zilikwenda anwani aliyokwishahama. Kesi ikafika mahakamani, akahukumiwa bila kuwepo. Faini alilipa yote. Huku kwetu tungesema trafiki kamwandikia, basi. Kwa kanuni za wakati ule, hukumu kama hiyo, hata kama ni ya faini tu, ilikuwa sababu ya kunyimwa ukaazi mpaka ipite miezi 24. Na kuificha haiwezekani, kwenye fomu unatakiwa uitaje.

Kwa hiyo hukumu inamwambia subiri, na kila siku anayokaa hapa kwa Mama nayo inahesabiwa. Mwanasheria wake akampa njia moja: mzazi akiwa mgonjwa sana, wanaoamua wanaweza kulifikiria hilo kwenye siku zilizozidi, mradi kuwe na uthibitisho wa daktari.

Kesho yake nikaenda Mwaisela, jengo la wodi alikolazwa Mama hapo Muhimbili, kuiomba hiyo barua. Daktari, kijana mpole, aliniuliza aandike kwa uzito gani. Nikamwambia aandike hali ilivyo, asipunguze. Akaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ni mahututi na anaweza kupoteza maisha. Siku ile ndivyo ilivyokuwa. Hakudanganya, na mimi sikumwomba adanganye.

Niliporudi kitandani Mama akanyoosha mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Kafundisha shule ya msingi maisha yake yote, karatasi haimpiti. Miwani ilivunjika siku aliyoanguka, kwa hiyo akaishika barua mbali na uso, midomo inatikisika kidogo, anafuata mstari kwa mstari kama anayesahihisha daftari. Alipofika mwisho akarudi juu, akaisoma tena. Maneno yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kumrudi, mazito.

"Nimefikia huku?"

"Ni ya viza ya mdogo wangu, mama."

Akanyamaza. "Itamsaidia?"

"Inaweza kumsaidia."

Akajaribu kuikunja kwa mkono mmoja, akiikandamiza kwenye paja. Niliponyoosha mkono kumsaidia akanikatalia. Ilipokunjika akanipa, akaniuliza, "Na nikipona, haitaharibika?"

Sikuwa na jibu. Nesi akaja na kipimo cha homa, nikashukuru.

Mdogo wangu aliondoka kabla siku hazijaisha, Mama bado analishwa uji kwa kijiko. Viza akaiongeza muda, akasubiri miezi ipite, ukaazi akaupata 2021. Mama naye akajifunza upya kutembea, kwanza mpaka mlangoni, sasa mpaka dukani. Sisemi nchi za watu zisiwe na masharti, hata sisi tunayo. Ila mama mzima kuulizia kama kupona kwake kutamharibia mwanawe, hilo nimeshindwa kulimeza.

Sasa mdogo wangu anafikiria kuomba uraia. Huko nako wanahesabu: siku 450 za kuwa nje kwa miaka mitano, na 90 kwa mwaka wa mwisho. Akiupata, wa hapa utamtoka, kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mama anataka aje Idi, akae sana. Ameniambia nimpigie simu nimwambie, na mpaka leo sijapiga.