Hapana Kitu Ndiyo Nini?

Jana baada ya isha binti yangu alikuwa ametandaza fomu ya shule mkekani, kalamu mdomoni. Akainua kichwa.

"Baba, hapa wanauliza maradhi niliyonayo. Sina. Niache wazi?"

Nikamwambia asiache, aandike "hakuna".

"Si ni mamoja?"

Nilitaka kumjibu, nikajikuta niko tena kule ghorofani Langoni, Lamu, mbele ya kompyuta iliyokuwa ikinguruma kama boti ya Mokowe, mwaka ule niliponusurika kufukuzwa kazi.

Nilikuwa karani wa chama kimoja cha akiba cha wavuvi, jina lake silitaji. Orodha ya wanachama ilikuwa mkononi mwangu, watu 612, na mimi ndiye niliyewatumia ujumbe wa simu. Kisa kilianza na mjane mmoja. Mwaliko wa mkutano ulifika kwenye simu ya marehemu mumewe siku ya arubaini yake. Hakufoka. Alipanda ngazi zetu, akafungua fundo la leso, akaiweka simu mezani na kusema, "Mwamwita. Nimekuja kumjibia." Mwenyekiti hakusema neno mpaka mama wa watu aliposhuka. Kisha akanigeukia: wafu watoke orodhani kabla ya ujumbe mwingine.

Nikaona ni kazi ya dakika moja. Jedwali lilikuwa na safu iitwayo hali, na karani aliyenitangulia alikuwa akiandika humo "marehemu" kila mwanachama alipozikwa. Nikaandika kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata:

SELECT jina, simu FROM wanachama WHERE hali <> 'marehemu';

Yaani nipe jina na simu ya kila ambaye hali yake si marehemu. Nani angeisoma vingine? Alasiri ikaadhiniwa, nikabonyeza, programu ikasema imetuma, nikashuka kuswali. Sikuhesabu. Kuhesabu kungenigharimu neno moja tu, COUNT, lakini nilikuwa kijana na nilijiamini.

Jumamosi ikafika. Viti mia tatu vya kukodi, mabirika ya kahawa tungu, masahani ya halwa. Ilikuwa kusi, bahari imechafuka na vyombo vimefungwa, kwa hiyo hakuna ambaye angesema alikuwa baharini. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Waliokuja ni thelathini na kitu, wamejikusanya viti vya mbele, nyuma yao plastiki nyeupe tupu mpaka ukutani. Mwenyekiti alinitazama bila kupepesa.

Ndipo akapita nahodha mmoja mzee. Bahari alishaiacha, sasa alikuwa na punda wawili wa kubebea mchanga. Akawasimamisha.

"Harusi ya nani?"

"Si harusi, mzee. Mkutano."

"Mkutano wa nani?"

"Wetu. Wa chama."

"Wetu na nani? Mbona mimi sikuitwa?"

Nikamwambia labda simu yake ilizimwa. Akaitoa kwenye kikoi, inawaka, chaji imejaa. Akasema twende tukaangalie hiyo mashine. Punda akawaacha pale pale, wakinusa viti.

Tulipanda. Nikamtafuta kwa jina, akatokea: jina, namba, mtaa, hisa zake zote. Mzee alikuwa hasomi, ila alijua kuhesabu vyumba vya jedwali. Akapitisha kidole kwenye kioo, kidole chenye kovu la mshipi, kimoja kimoja, nikimsomea. Kikafika kwenye hali, kikasimama.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Hapana kitu."

"Hapana kitu ndiyo nini? Ni hai au ni maiti?"

"Kompyuta haijui, mzee."

"Haijui." Akanigeukia, harufu ya mchanga wa maji na tumbaku. "Na wewe wajua?"

"Najua."

"Basi iandikie."

Nikaandika "hai". Akaitazama ile herufi ya kwanza muda mrefu, kama mtu anayekagua mshono wa tanga, akashuka. Nikamsikia akiwaambia wale thelathini na kitu kwamba amefufuliwa. Walicheka sana. Mwenyekiti hakucheka.

Usiku ule ndipo nilipoelewa. Yule karani aliwaandikia "hai" watu 41 wa mwanzo, akachoka. Wafu walikuwa 29. Waliobaki, 542, safu yao ilikuwa tupu, na tupu kwenye SQL ina jina lake, NULL. Si sifuri, si neno fupi, ni "haijulikani". Ukiuliza kama kisichojulikana ni tofauti na marehemu, jibu si ndiyo wala si hapana, ni sijui. Na WHERE, neno linalochuja, hupitisha ndiyo peke yake. Hata ukiuliza kama NULL ni sawa na NULL mwenzake, jibu ni lile lile. Edgar Codd, aliyeweka msingi wa hifadhidata hizi mwaka 1970 akiwa kampuni ya IBM, aliitia katika kanuni zake za mwaka 1985: kisichojulikana kisichanganywe na sifuri wala na nafasi wazi. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni na kulifanyia mtihani. Nilifaulu, ukitaka kujua.

Dawa ilikuwa kuongeza maneno machache, OR hali IS NULL, yaani au ambaye hali yake haijulikani. Viti vilikodiwa tena, safari hii kwa mshahara wangu.

Mwezi uliofuata nikakaribia kurudia, kwa mlango mwingine. Mhasibu alinipa jedwali la waliogharimiwa mazishi, nikaandika NOT IN, wasiomo humo ndio waitwe. Nikahesabu kwanza, namshukuru Mungu: sifuri. Hakuna mtu hata mmoja. Humo palikuwa na maiti mmoja aliyeandikwa jina bila namba ya uanachama. Mashine humchukua mwanachama namba 7, huona si 12, si 30, ikifika kwa yule asiye na namba haiwezi kuapa kwamba si 7, basi haimpitishi. Mmoja asiyejulikana akawazuia wote. Nikahamia NOT EXISTS, ambayo huuliza tu kama kuna aliyelingana naye, asipopatikana, anapita.

Nilikiacha chama miaka mingi nyuma. Nahodha alifariki mwaka juzi, tukamzika baada ya adhuhuri. Nilipokuwa naondoka makaburini mwanawe akanishika mkono, akaniuliza kama simu ya baba yake waifunge au waiache. Nikakumbuka ile "hai" niliyoiandika kwa kidole changu. Nikasema nitampigia kijana anayeshika orodha sasa. Nilimpigia mara mbili, hakupokea.

Binti alikuwa ameshaandika "hakuna", kwa herufi kubwa. Kalamu ilikuwa imehamia mstari wa chini.

"Na hapa? Wanataka namba ya simu ya babu."